Usiniulize Mwisho wa Kweli ni Upi

Mhadhara kwa wacheza gemu na wanafunzi wa fasihi, Tanga

Assalaam aleikum. Hamjambo wote? Asanteni kwa kuja. Nyinyi mliosimama kule nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Wiki haipiti kijana asinisimamishe Ngamiani aniulize: "Mwalimu, hivi mwisho wa kweli wa Silent Hill 2 ni upi?" Nikimuuliza yeye alipata upi, ananiambia bado hajamaliza, ila ameona video ya mtu anauelezea. Nimelisema hili darasani, nimelisema kwenye mabanda ya video na gemu watu wakinisihi nipunguze sauti, na leo mmenipa maiki, kwa hiyo nitalisema mpaka lieleweke. Gemu kama hii inakutazama unavyocheza, halafu inakupa mwisho unaotokana na uliyoyafanya. Ukikimbilia maelezo ya mtu kabla hujajiuliza umefanya nini humo ndani, gemu yenyewe umeiruka.

Najua tabia hii imetoka wapi. Tumelelewa na mabanda ya video, mtafsiri wa filamu kakaa na maiki yake anatuambia nani mbaya, nani kamsaliti nani, na mwisho maana yake nini. Nilikuwa nawapenda watu wale, na kazi yao ilikuwa kubwa. Lakini filamu ile ilikuwa inakwenda hivyo hivyo, ukiwepo au ukitoka kununua mihogo. Gemu bila wewe haisogei hatua moja. Utamuachiaje mtafsiri?

Kisa sitakisimulia kirefu. Gemu ilitoka 2001 kwa PlayStation 2, kampuni ni Konami. Ikatengenezwa upya na Bloober Team ya Poland, ikatoka Oktoba 2024. Asiyeijua mpaka leo asije kulalamika kwamba nimemharibia. James Sunderland amepata barua ya mkewe Mary, na Mary amekufa. Anamfuata kwenye mji uliojaa ukungu. Hotelini, chumba namba 312, anatazama mkanda wa video, na hapo tunajua kwamba mkewe alikuwa mgonjwa kweli, ila aliyemziba pumzi kwa mto ni James mwenyewe. Tuendelee.

Sasa kisu. Mlionisikia zamani mnacheka, chekeni, lakini kisu lazima nikiseme.

Mapema kabisa James anamkuta msichana, Angela, amelala chini mbele ya kioo, kisu mkononi. Wanazungumza, na Angela anamuachia James kile kisu. Kinaingia kwenye vitu vyako. Hupigani nacho, hakifungui mlango, hakikati kamba. Ukikiangalia kwa madhumuni ya kawaida ya gemu, hakina kazi. Unachoweza kukifanya ni kukitoa tu na kukitazama.

Kijana mmoja, mwanafunzi wangu, alinijia siku moja amenuna. Amemaliza gemu, amepata mwisho wa Ndani ya Maji. Ule ambao huoni kitu, unasikia sauti tu, na unaelewa kwamba James ameliingiza gari ziwani akiwa ndani yake. Kijana akaniambia gemu imemuonea. "Mimi nilimpigania huyu mtu toka mwanzo, mwalimu, mbona wamemuua?" Nikamuuliza: kisu cha Angela ulikifanyaje? Akasema alikuwa anakitazama kila mara, maana alidhani kuna mahali kitafungua kitu. Nikamuuliza: na dawa? Akasema kwa fahari, kama mchezaji yeyote hodari, kwamba dawa alikuwa anazibana. Anatembea damu imebaki kidogo, dawa zimejaa mkobani, anaziweka kwa ajili ya bosi wa mwisho, yule adui mkubwa wa kumalizia.

Mmeona? Gemu ilikuwa inahesabu. Bila kukuambia, bila namba yoyote kwenye skrini. Mtu aliyefiwa na mke, anakitazama kisu cha msichana aliyekuwa anataka kujiua, anakirudisha, anakitoa tena. Anavuja damu, dawa anayo, hainywi. Ukiniletea mtu wa namna hiyo nyumbani kwangu leo sitamuacha alale peke yake. Gemu nayo ikaona hivyo hivyo, ikampa mwisho wake.

Sasa kuna mtu hapa ameshaanza kutikisa kichwa. Unataka kuniambia: lakini yule kijana hakuwa na huzuni yoyote, alikuwa anabana dawa kwa akili ya mchezo! Ni kweli kabisa, na hapo ndipo gemu inapokuwa kazi ya sanaa. Nia yako haiijui. Inachokijua ni mikono yako. Imezichukua tabia tulizofundishwa na magemu mengine yote, kubana dawa, kukagua kila kitu, na imezigeuza kuwa tabia za James. Wewe unadhani unafanya ubahili, kumbe unamuandika mtu asiyejali tena kama ataishi. Riwaya haiwezi kukufanyia hivyo. Kwenye riwaya mwandishi ndiye anayembebesha mhusika dhambi zake, na wewe unasoma umekaa. Hapa umembebesha wewe, hujui, na ukija kujua umeshachelewa.

Na upande wa pili ni vivyo hivyo. Anayemtibu James upesi, anayeitoa picha ya Mary na barua yake akazitazama, anayesimama kusikiliza mazungumzo ya mwisho ya Mary na James mpaka yaishe, huyo anasukumwa kwenye mwisho wa Kuondoka, James anatoka mjini na yule mtoto Laura. Anayemng'ang'ania Maria, yule mwanamke anayefanana na Mary, anamlinda, anarudi kumchungulia chumbani, anaondoka na Maria. Na kabla hawajaondoka Maria anakohoa. Kikohozi tu. Mary alikufa mgonjwa, mnakumbuka. Wapo wanaonibishia kwamba huo ndio mwisho wa furaha kwa kuwa watu wawili wanapanda gari pamoja! Jamani, sikilizeni kile kikohozi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mwisho wa kweli, namrudishia swali: kisu ulikifanyaje? Akinijibu hilo, tunaweza kukaa mpaka usiku tukizungumza. Akiniambia mtu fulani kwenye video amesema, sina la kumjibu.

Nije kwa wale wenye jibu moja la kila kitu. Wako wa aina mbili na wote nawajua kwa sura.

Wa kwanza anasema: mwalimu, mbona rahisi, ule mji una majini. Mimi ni mtu wa Tanga, sitamcheka anayetaja majini. Lakini angalia ushahidi. Laura ni mtoto wa miaka minane, anatembea mji ule ule peke yake, anaimba, anamfungia James chumbani na mazimwi kwa utundu wake, na haogopi chochote. Haoni kitu. Kama mji una majini ya kutisha watu, mtoto wameshindwa kumtisha kwa nini? Anayesoma kwa majini lazima anijibu hilo kwanza.

Wa pili ndiye anayenichosha zaidi, kwa sababu anajiona msomi. Anasema: yote yamo kichwani mwa James, ni kichaa, mazimwi hayapo, kwisha. Hebu. Karibu na mwisho James anamkuta Angela kwenye ngazi zinazowaka moto. James anasema kuna joto kama la jehanamu. Angela anashangaa kwamba naye anauona ule moto, kwa sababu kwake yeye huwa hivyo siku zote. Moto ni wa Angela, unatokana na aliyotendewa Angela na baba yake. Na kabla ya hapo James amekwisha kupigana na zimwi ambalo ni la Angela pia. Kama yote ni kichaa cha James, ameupataje moto wa mtu mwingine? Neno kichaa halijaeleza hata tukio hilo moja. Na nitasema jingine: anayelitupa neno hilo ili afunge mjadala hana hamu ya kujua chochote kuhusu wagonjwa wenyewe. Waliotengeneza gemu ya Hellblade, ya 2017, inayohusu ugonjwa wa akili, walikaa na Paul Fletcher, daktari wa akili wa Cambridge, na wakakaa na watu wanaosikia sauti, wakawauliza inakuwaje. Walioufanya ugonjwa wa akili kuwa kiini cha gemu nzima waliona ni jambo la kulichunguza kwa makini, na wewe unalitumia kama kufuli!

Najua kinachofuata, nimekisikia kila mahali. "Basi mwalimu, kila mtu na tafsiri yake." Hapana! Hapana. Hilo sikulisema.

Sote tumekwenda Mapango ya Amboni hapa Tanga, au angalau tumepelekwa na shule. Sote tumesimuliwa kwamba njia zake zinakwenda mpaka Mombasa, wengine wanasema mpaka Kilimanjaro. Hadithi tamu, nami naipenda. Lakini wapimaji waliingia 1994, wakapima, na pango lililo refu kuliko yote likaonekana linakwenda kama mita 900. Ndani ya hizo mita 900 kuna giza la kutosha, popo, njia zilizojipinda, na maswali ambayo hayajaisha. Ila Mombasa hufiki. Gemu yenye mwisho usio wazi ni hivyo hivyo: ina mahali penye giza, na ina kuta.

Chukueni gemu iitwayo SOMA, ya 2015, ya Frictional Games wa Sweden. Simon Jarrett amepigwa picha ya ubongo Toronto mwaka 2015, anafumbua macho yuko chini ya bahari, mwaka 2104, na mwili si wake. Mwisho anataka kuhamia kwenye ARK, chombo chenye dunia ya ndani ya kompyuta kinachorushwa angani. ARK inaruka, Simon yuko pale pale kwenye kiti, gizani, analia kwa nini haikufanya kazi. Majina ya watengenezaji yakishapita kwenye skrini, tunamuona Simon mwingine ndani ya ARK, juani. Vijana wanabishana usiku kucha: yupi aliyeshinda bahati ya kurusha sarafu? Catherine, mwenzake Simon katika safari hiyo, ndiye aliyemuwekea wazo hilo la sarafu, na wachezaji wamelimeza zima zima.

Rudini nyuma, kituo cha Omicron. Simon anahamishiwa kwenye vazi jipya la kuzamia kina kirefu. Akishahama, anamsikia Simon wa zamani, kwenye kiti, anauliza mbona hakuna kilichotokea. Wewe mchezaji umeyasikia hayo kwa masikio yako. Umepewa hata hiari ya kumzima au kumuacha. Umeona kwamba hakuna anayehama, panatokea wawili. Sasa mwishoni unaniambia habari ya bahati? Hakukuwa na sarafu yoyote. Kusoma mwisho wa SOMA kwa sarafu ni kosa, nalisema hivyo hivyo, kosa, kwa sababu gemu ilikuonyesha kinyume chake saa kadhaa kabla. Fumbo halisi liko kwingine: wewe uliyekuwa umemuona yule wa Omicron, kwa nini mwishoni ulitumaini pamoja na Simon? Nimewauliza wengi. Karibu wote walitumaini. Hapo ndipo pa kukaa.

Muda naona unanikimbia, mwenyekiti ananionyesha saa. Nigusie lile la kuzunguka.

Toleo la 2024 la Silent Hill 2 limeongeza miisho miwili, na limeficha picha mahali mahali. Mchezaji mmoja alizipanga akahesabu alama zilizomo, ikatoka herufi moja moja, ikawa sentensi inayosema umekuwa hapa kwa miongo miwili. Watu wakaruka: kumbe James anazunguka, kila mwisho umetokea, anarudi mwanzo tena! Basi fumbo limeisha, mwalimu kaa chini. Sikai. Kwanza, nasema wazi kwamba nimeipenda sana kazi ile ya kuhesabu. Yule kasoma kwa macho yake, hakusubiri kuambiwa. Lakini hata kama James amezunguka mara mia, mzunguko huu ni wako. Safari hii ulikunywa dawa au hukunywa? Picha zile zinaweza kuniambia James yuko pale kwa muda gani. Haziwezi kuniambia wewe umemfanyia nini.

Nilikuwa nimeandika mengi kuhusu Shattered Memories ya 2009, gemu nyingine ya Silent Hill, ambayo ina daktari anayekuuliza maswali na kukubadilishia gemu kwa majibu yako. Ichezeni wenyewe, na mjibu yale maswali kwa ukweli, msijibu kijanja. Gemu ya The Medium, ya 2021, inaisha kwa skrini nyeusi na mlio wa risasi, na hatuoni nani kapigwa. Hiyo naiona dhaifu, nitawaudhi baadhi yenu: padi umeshaiweka chini, na risasi ile haitokani na lolote ulilolifanya. Wametuachia tubahatishe. Tofauti yake na kikohozi cha Maria ni kubwa, na anayetaka kubishana nami juu ya hilo anikute mlangoni.

Habari ya mbwa, nimeona mmeandika kwenye vikaratasi. Ndiyo, Silent Hill 2 ina mwisho ambao mbwa ndiye aliyekuwa anaendesha kila kitu. Ni utani wa watengenezaji, na kuupata lazima uwe umeshaimaliza gemu kabla. Cheka, kisha rudi kazini.

Ombi langu ni moja kwa wenye mabanda na kwa walimu waliokuja. Kijana akimaliza gemu ya namna hii, kabla hajafungua simu, mpeni karatasi aandike alichokifanya: alimlinda nani, alimuacha nani, alitazama nini mara kwa mara. Nusu ukurasa unatosha. Mimi nawafanyisha hivyo wanafunzi wangu, na mabishano yanayotoka hapo ni ya watu waliosoma kweli.

Haya, maswali. Tuanze na huyo dada aliyenyoosha mkono tangu nilipoisema vibaya The Medium.