Kazi ya bustani Muscat: maneno unayoyajua na yale yatakayokugeuka

ZUWENA: Haya karibuni tena, leo sina utangulizi mrefu, kuna kijana wa Tanga katuandikia, kapata kazi ya bustani kwenye hoteli huko Muscat, Oman, na mwezi ujao anaondoka, anasema Kiingereza anacho cha kuombea maji, Kiarabu ni kile cha madrasa tu, sasa anauliza ajifunze maneno gani kabla hajapanda ndege. Nikasema hili la kaka Salum, maana yeye mpira wa maji kauvuta sana huko.

SALUM: Nimeuvuta kweli dada'angu. Kwanza kijana asiogope, nusu ya Kiarabu cha bustani anacho mdomoni tayari. Bustani ni bustan, waridi ni ward, yasmini ni yasmin, nanaa ni na'na', bamia ni bamya, figili ni fijl, hina ni hinna, na ule mkasi wa kukatia matawi ni miqass.

ZUWENA: Hee, mkasi nao?

SALUM: Mkasi nao. Halafu unaujua mrashi, ule wa kunyunyizia watu marashi kwenye maulidi na harusi, una kishingo kirefu na matundu madogo juu? Sasa kule keni ya kumwagilia maua wanaita mirashsha. Siku ya kwanza msimamizi ananiambia lete mirashsha mimi nawaza huyu mzee leo ana harusi hapa? Kumbe ni lile dude la plastiki la kijani liko nyuma ya stoo.

ZUWENA: (anacheka) Basi kama ni hivyo kazi rahisi, anaongeza tu lafudhi.

SALUM: Weee, hapo ndipo watu wanapoumia. Neno usilolijua kabisa halina shida, unauliza, unaoneshwa kwa kidole, yameisha. Kasheshe ni lile unaloona unalijua. Chukua zabibu. Sisi zabibu ni zile za Dodoma, mbichi, vishada vinaning'inia, zikikauka tunasema zabibu kavu. Mwarabu zabib kwake ni ile kavu tu, ile mbichi ya kwenye mti ni inab. Kwa hiyo ukimwambia mwenye shamba "zabib zako zimeiva" anakuangalia hivi, zabibu kavu inaivaje sasa?

ZUWENA: Na tufaha je? Maana nyumbani kwetu mtufaa uko uani, matunda mekundu, ndani meupe, kama pamba hivi.

SALUM: Hilo nalo. Tuffah ya Kiarabu ni epo, lile la dukani lenye stika. Tufaa lako la uani hilo asili yake ni huko Asia ya kusini mashariki, halina undugu wowote na epo. Ukimuonesha Momani tufaa ukasema tuffah atakucheka. Na ndimu na limau pia uwe makini, maana sisi tunatenganisha vizuri, Waingereza nao wanatenganisha, lime na lemon, lakini Kiarabu laymun linabeba zote mbili, unaangalia rangi na mti. Wakisema lumi sasa hiyo mara nyingi ni ile ndimu iliyokaushwa mpaka ikawa nyeusi, inatiwa kwenye mchuzi.

ZUWENA: Tini? Mtini upo kwenye Qur'ani kabisa, hapo hatapotea.

SALUM: Atapotea kwenye te. Tin ya te nyepesi ni tini, tunda. Tin ya te nzito ni udongo, tope la mfinyanzi. Sisi masikio yetu yanasikia kitu kimoja. Kwa hiyo mtu akikuambia beba tin kwenye toroli, tazama kwanza kama kuna miti ya tini karibu (anacheka), kama hakuna basi chukua sepetu.

ZUWENA: Kuna lingine nilisoma, basil na basal.

SALUM: Enhe! Hilo ndo baba lao. Kiingereza basil ni mrehani, Kiarabu chake rayhan, hapo mrehani wetu hauna tatizo. Ila basal kwa Kiarabu ni kitunguu. Sasa bustani za hoteli kule bosi anaweza kuwa Mwingereza, msimamizi Momani, wenzako Wahindi wa Kerala na Wabangladeshi, lugha zote zinapita kwa wakati mmoja. Kulikuwa na jamaa tunafanya naye kazi, akaambiwa na mpishi akachume basil kidogo, akaenda akang'oa vitunguu tuta zima, akapeleka jikoni na udongo wake, yaani kakaza kamba kabisa kwamba ndicho alichoambiwa.

ZUWENA: Masikini, na alitii!

SALUM: Alitii sana. Na kitunguu saumu ni thum, hilo wala usihangaike nalo.

ZUWENA: Sasa nieleze Kiingereza. Maana nasikia Kiingereza chenyewe kwenye mboga na maua kimekopa Kiarabu.

SALUM: Kimekopa, na kikakopa kwa kuzunguka. Jasmine, lemon, spinach, artichoke, zote zimepita kwa Waarabu, nyingine zilianzia Uajemi huko, zikaingia Ulaya kwa njia ya Hispania na Italia. Chukua biringanya. Kiarabu ni badhinjan, nao waliipata kwa Waajemi. Wahispania wa zamani wakaichukua pamoja na ile al ya Kiarabu inayotangulia majina, Wakatalani wakasema albergínia, Wafaransa aubergine, Mwingereza akachukua kwa Mfaransa hivyo hivyo. Mreno yeye akasema beringela, ndiyo ikaja kwetu biringanya, na ndiyo hiyo hiyo Wahindi kwenye Kiingereza chao wanasema brinjal. Kwa hiyo mtoto huyo huyo mmoja, majina kibao. Kijana akifika atasikia aubergine kwa Mwingereza, brinjal kwa Mhindi, eggplant kwa Mmarekani, na badhinjan kwa mwenyeji, asidhani ni mboga nne.

ZUWENA: Na chungwa? Orange?

SALUM: Orange imetoka kwenye naranj, ambayo kwa Kiarabu ni lile chungwa chungu. Lile tamu Waarabu wenyewe wanaliita burtuqal, jina la Ureno hilo, kwa sababu Wareno ndio walilisambaza, yaani wanakula nchi ya Ureno kila asubuhi (wanacheka wote).

ZUWENA: Kwenye Kiingereza cha kazini mitego iko wapi?

SALUM: Weed. Kijana wa mjini weed anaijua ni bangi. Pale ukiambiwa "remove the weed" ni magugu, tulia, hamna polisi. Plant ni mmea lakini pia ni mtambo, hoteli nyingi zina plant ya kusafisha maji taka halafu hayo maji ndiyo yanamwagilia nyasi, sasa "go to the plant" sio uende kwenye ua. Nursery kwetu ni shule ya watoto, kule ni kitalu cha miche, Kiarabu mashtal. Halafu Mwarabu naye shule ya watoto anaiita rawdha, ambayo ni bustani! Na wingi wake ni riyadh, ndiyo ule mji wa Saudia.

ZUWENA: Kumbe Riyadh ni bustani. Jangwa lote lile.

SALUM: Ndiyo maana wakaipa jina, penye majani panaonekana. Sasa ngoja nifike kwenye neno ninalolipenda, bed. Mwingereza pale unapopanda maua anapaita kitanda, flower bed. Sisi tunasema tuta. Mwarabu anasema hawdh, ambalo sisi tunalo, hodhi, lile la kuwekea maji. Mimi siku za mwanzo naambiwa tengeneza hawdh kuzunguka mtende, nikajua wanataka tanki. Kumbe unachimba chini kuzunguka shina, unainua kingo za udongo pembeni, kama jaruba la mpunga vile ila dogo, halafu unafungulia maji yanajaa humo yanatulia yanazama taratibu.

ZUWENA: Sasa kwa nini wasiinue tu tuta kama sisi?

SALUM: Si mvua! Sisi Amani au Lushoto mvua inakunyeshea mpaka mizizi inaoza, kwa hiyo unainua udongo maji yakimbie. Muscat mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100, tone likimwagika ni hasara, kwa hiyo mmea unaukalisha chini maji yaje kwake. Mtu akitoka Tanga na mazoea yake ya matuta akainua udongo kule, mchana mmoja tu wa mwezi wa sita ule udongo umekauka mpaka ndani, maji yameteremkia pembeni kwenye vigae. Kwa hiyo hilo neno ashike na kitendo chake, wakisema hawdh chimba, usiinue.

ZUWENA: Hapo nimekuelewa. Na zile falaj, mifereji yao ya maji?

SALUM: Falaj aende akazione mji wa Nizwa, Falaj Daris iko hapo, moja ya zile tano zilizoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Ni mifereji, mingine inatoka chini ya ardhi kabisa, maji yanatembea kwa mteremko tu bila pampu, na wanagawana kwa zamu, zamani walikuwa wanapima muda kwa kivuli cha jua mchana na usiku kwa nyota. Ziko kama 3,000 zinazofanya kazi Oman mpaka leo. Neno lenyewe asili yake ni kugawa.

ZUWENA: Samadi tumeisahau.

SALUM: Samad. Sisi samadi ni ya ng'ombe au mbuzi, basi. Wao samad ni mbolea yoyote, hata ile ya dukani ya chumvichumvi. Kwa hiyo akiambiwa weka samad aulize ipi, asije akamwaga ndoo nzima ya yurea kwenye waridi akijua kinyesi cha mbuzi hakina madhara. Ataunguza mti mchana kweupe.

ZUWENA: Na mpira wa maji wanaitaje?

SALUM: Vitabuni khurtum, yaani mkonga wa tembo, Khartoum ya Sudan wengi wanasema jina limetoka hapo hapo. Kazini utasikia hoz, Kiingereza hicho wamekitia tu. Vilevile nenda na hoz.

ZUWENA: Muda unatubana, la mwisho kabisa la kumwambia?

SALUM: Saa. Namba anazijua, sita ni sitta, saba ni sab'a, tisa ni tis'a, na saa ni sa'a. Lakini wao wanahesabu kama Mzungu. Msimamizi akisema njoo sa'a sitta anamaanisha saa kumi na mbili asubuhi, jua halijakaza, ndo muda wa kumwagilia. Wewe ukatokea saa sita mchana...

ZUWENA: ...unakuta wenzako wanakwenda kupumzika.

SALUM: Na ni kweli, maana kuanzia Juni mpaka Agosti kazi za nje juani Oman haziruhusiwi saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Kwa hiyo utafika, utakuta jembe limeegeshwa, na ripoti yako iko ofisini. Kijana weka alamu kwa namba za simu, usiweke kwa masikio.

ZUWENA: Haya umesikia mdogo wetu. Wengine mlioko Muscat, Doha, Dubai, tutumieni na nyie maneno yenu ya kazini, sauti fupi tu, isizidi dakika moja jamani, kuna mtu juzi katuma ya dakika kumi na moja.

SALUM: Na nusu yake ni jogoo anawika.