Sukari Nani Kaitia?

Assalaam alaykum. Ahsanteni kwa kunialika hapa Chake Chake, na ahsante zaidi kwa sahani hizi za boflo, maana mhadhara wa leo tutautafuna.

Kila mtu achukue kipande. Boflo tupu, hakuna siagi wala chai. Tieni mdomoni, tafuneni, musimeze. Endeleeni. Nyinyi watoto wa nyuma, nawaona munavyomeza!

Dakika imetosha. Nani kaanza kuhisi utamu? Enhe, bibi pale. Sukari nani kaitia?

Kaitia mwenyewe. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, na kazi yake ni kukata wanga. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari, mrefu hata ulimi hauuonji utamu wake. Ukishakatwa vipande vifupi, vingi vikiwa sukari iitwayo maltosi, ndipo utamu unapochomoza. Mate yenyewe hutoka hasa kwenye jozi tatu za tezi: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Kwa siku hufika kati ya nusu lita na lita moja na nusu, nasi tunayakumbuka mtu anapotema tu.

Tazameni gilasi hizi. Zote zina uji mwepesi wa muhogo, umepikwa ukapoa. Hii ya kulia nimeitia mate yangu robo saa iliyopita, mutanisamehe. Natia matone ya iodini. Ya kushoto imepiga buluu ya kukaribia weusi: wanga upo. Ya kulia imebaki na rangi ya iodini yenyewe, kama chai ya rangi. Wanga haupo tena.

Mzee mmoja kaniuliza mlangoni, mbona kazi hii lisiachiwe tumbo? Tumbo lina asidi, na asidi huizima amilesi. Ila katikati ya tonge asidi haifiki upesi, kwa hiyo humo ndani ukataji huendelea kwa muda. Wanga uliobaki humaliziwa kwenye utumbo mwembamba, kwa amilesi ya kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo. Samaki naye mdomoni husagwa na kulainishwa tu. Protini yake huanza kumeng'enywa tumboni.

Ndiyo maana urojo hunitia mashaka, ingawa naupenda. Mtu kasimama, kibakuli mkononi, viazi vinateremka vizima vizima. Meno ameyaleta ya nini?

Haya, boflo bado lipo. Mwenye suala aulize, akishameza.