Fomu zenyewe hazina shida, shida ni vile tunazijaza

Karibuni, na wale wamekwama kwa jam ya Thika Road watatupata hapo mbele. Leo tuongee fomu, zile za maswali tunazopimia hali ya klayenti. Najua makaunsela wengi hapa hawazipendi, mnasema zinakata maongezi. Mimi sina ugomvi na fomu, ugomvi wangu ni vile tunazijaza mbio mbio alafu tunaziamini kuliko mtu amekaa mbele yetu.

Chukueni PHQ-9, ile fomu ya kupima dalili za depresheni, karibu kila mtu anaitumia, kwanza juu ni ya bure (BDI-II, fomu nyingine ya depresheni, inauzwa, acheni kuipiga fotokopi, nimemaliza). Maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja 0 mpaka 3, yote yakijaa ni 27. Kuanzia 10 tunaanza kushuku depresheni ya kiasi cha kati, 20 kwenda juu ni kali. Haya, sasa niwekeeni soja wa usiku, analinda godauni Industrial Area, anatoka asubuhi anaenda kulala Mukuru na mchana wote watoto wa ploti wanapiga kelele. Usingizi? 3. Uchovu? 3. Hamu ya kula? Anakula mara moja kwa siku na hiyo moja ni ya kujilazimisha, anakwambia 3. Hapo ni 9 na huzuni hata haijaguswa! Aongeze moja tu, akili kutotulia kazini, amefika 10 na wewe ushaanza kumwandikia rufaa. Sisemi hana depresheni, kazi kama hiyo inaweza kuileta vizuri sana. Nasema muulize, siku ya ofu ukipata mahali kumetulia unalala? Akisema analala kama mtoto, hayo ni maongezi mengine kabisa.

Alafu swali la 9, la kuwaza kufa au kujiumiza. Hapa kwetu Kenya kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka Januari 2025 ndio Mahakama Kuu ikasema kinaenda kinyume na katiba. Mtu amekua akijua hiyo ni maneno ya polisi, na wewe unamsomea kwa sauti kwa kaofisi ka kanisa, mlango haufungi, kwaya iko upande ule mwingine wa mbao. Atasema nini? Sifuri. Mpe karatasi ajaze mwenyewe kama anasoma, na kama hasomi tafuteni kona yenye faragha. Akiweka hata 1, hata kama jumla ni 4, haendi nyumbani kabla hamjaongea hiyo kitu siku hiyo hiyo.

Sasa ripoti za miradi, na hapa nitasema ukweli tusikasirikiane. Tuseme mmeanza na watu 40, wastani wao 16. Miezi mitatu baadaye wastani ni 9, mfadhili anacheka mpaka jino la mwisho. Lakini waliojaza fomu ya pili ni 22. Wale 18 walienda wapi? Kuna wenye walipata nafuu wakarudi kwa haso zao, kuna wenye nauli iliisha, na kuna wenye hata kutoka kitandani hawawezi. Rudini mwangalie hao 22 walianza na ngapi. Mkipata walianza na 11, basi wameshuka 2, si 7.

Na hata hizo 2 msizikimbilie, kwa sababu watu huja kwetu wakiwa wamelemewa kabisa, wengine watashuka kidogo hata usipofanya kitu. Kama kuna watu kwa foleni wanangoja kuanza, wapimeni pia, muda ule ule, ndio mjue mlichoongeza nyinyi ni gani. Na fomu ya mwisho isisomwe na kaunsela yule yule wa klayenti, tafadhali. Nani atamwambia mama wa watu uso kwa uso kwamba hajamsaidia? Amemtengea saa nzima kila wiki, pengine hata chai alimpa! Mwenzako akusomee wako, nawe umsomee wake.

Pesa ya kredo ya kupigia waliopotea iwekwe kwa bajeti tangu mwanzo, isiwe ya kuombana kwa grupu ya WhatsApp mradi ukiisha. Haya, maswali, naona mkono pale nyuma, dada wa kitambaa cha kijani.