Beringi mpya, kelele ileile: gurudumu la mbele la Hiace

Mafundi na madereva wenzangu, karibuni. Leo tunafungua gurudumu la mbele la Toyota Hiace ya zamani, H100, ile ambayo abiria wa daladala Tanzania wanaiita kipanya. Kila habu yake ya mbele, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, ina beringi mbili za roli zilizochongoka, kubwa ndani na ndogo nje. Zinaoshwa, zinapakwa grisi na kukazwa kwa mkono. Kwa hiyo ukifunga mpya leo na gari likarudi baada ya wiki chache likinguruma, kabla hujalaumu duka la spea, kagua kwanza ulivyofunga.

Tuanze na kelele yenyewe. Beringi mbovu huunguruma kadiri mwendo unavyopanda, na ukiweka gia huru gari likiwa linaserereka, mlio haukatiki. Ukikata kona kushoto, uzito unalalia kulia; mlio ukizidi hapo, shuku gurudumu la kulia. Mlio unaobadilika ukitoka lami kuingia vumbi mara nyingi ni wa tairi.

Weka vizuizi magurudumu ya nyuma, piga jeki, weka stendi. Shika tairi juu na chini, vuta na kusukuma. Likicheza, mwambie utingo akanyage breki huku wewe ukirudia. Mchezo ukipotea, ni beringi, maana kalipa, ile inayobana pedi za breki, imeishika diski na habu imetulia. Ukibaki, geukia boli jointi, kile kiungo cha duara kinachounganisha gurudumu na mikono ya saspensheni. Hapa ndipo pesa nyingi za wenye magari hupotea: beringi nzima inatupwa, boli jointi iliyokwisha inaachwa.

Kufungua hakuna maajabu. Toa kalipa na uining'inize kwa waya, isibebwe na mpira wa breki. Ng'oa kofia ya vumbi, pini, kizuizi cha nati, nati na washa. Beringi ya nje itajitokeza yenyewe. Vuta habu, kisha toa sili, ile pete ya mpira inayozuia grisi isitoke na maji yasiingie, kwa nyuma upate beringi ya ndani.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na ukaushe kwa kitambaa safi. Tafadhali msizungushe beringi kwa upepo wa kompresa. Inazunguka kavu kwa kasi kubwa, inajikwaruza, na roli zinaweza kuruka usoni. Sasa itazame kwenye mwanga. Rangi ya bluu maana yake ilipata moto, kwa kukazwa mno au kukosa grisi. Vidoa vya kutu ni maji yaliyopita kwenye sili. Vishimo na ngozi inayobanduka ni uchovu wa chuma. Hiyo haiponi kwa grisi.

Na tusidanganyane kuhusu kikombe, ile pete ya nje iliyokazwa ndani ya habu. Beringi na kikombe chake hubadilishwa pamoja, daima. Roli mpya juu ya kikombe kilicholiwa hukanyaga makovu ya zamani, na kelele inarudi. Kigonge kitoke kwa kipande cha shaba laini, upande huu kisha upande wa pili, kisilale mshazari. Kipya kiingize kwa kukigonga na kikombe cha zamani ulichokipiga tupa kidogo pembeni. Kikikaa chini kabisa, mlio wa nyundo unabadilika, unakuwa mkavu.

Grisi iwe ya beringi za magurudumu yenye breki za diski, ya lithiamu, namba 2, na usiichanganye na mabaki ya aina nyingine. Weka donge kiganjani, kandamiza upande mpana wa beringi mpaka grisi ichomoze kati ya roli, zungusha, endelea. Ndani ya habu paka tabaka tu. Ukiijaza pomoni, inapata moto, inaisukuma sili na kuishia kwenye pedi. Sili ni mpya kila mara, na mdomo wake upakwe grisi.

Kukaza ndiko kunakoua. Kaza nati hadi niutonimita 30 hivi huku ukizungusha habu pande zote mbili ili roli zikae. Kisha ilegeze kabisa, halafu ikaze kwa soketi iliyoshikwa kwa vidole, bila mpini. Habu izunguke laini bila kucheza. Tundu la pini lisipolingana, geuza kwanza kizuizi cha nati, utapata pengo linalolingana bila kuigusa nati. Pini iwe mpya. Endesha kilomita 10, kisha gusa habu: uvuguvugu sawa, ikikuunguza umekaza mno.

Kwa Hiace mpya, H200, sahau yote ya grisi na kukaza. Habu na beringi ni kitu kimoja kilichofungwa kiwandani, kikifa kinabadilishwa kizima. Safisha kutu pale kinapokalia, na usikigonge kwa nyundo usoni.

Kuna ulizo linalojirudia kuhusu rimu pana na spesa, vile vipande vinavyowekwa kati ya habu na rimu. Zinasogeza gurudumu nje, na mzigo unahamia beringi ndogo ya nje, ambayo haikutengenezwa kuubeba. Mwenye gari akizitaka hata hivyo, mwambie mapema kwamba beringi hiyo itabidi ikaguliwe kila anapobadilisha oili.