Poza Hewa Kwanza, Bosti Baadaye

Mhadhara kwa mafundi na wenye magari ya tabo na supachaja, Mwanza

Ndugu mafundi, wenye magari, na nyie vijana wa vyuo mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, mwadila. Asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie nguvu ya injini, nami nitazungumzia joto, maana kwenye injini inayosukumiwa hewa, iwe kwa tabo inayozungushwa na moshi wa egzosti au kwa supachaja inayozungushwa na mkanda wa injini, huwezi kutenganisha hayo mawili. Mjini hapa naona magari mazuri yanaongezewa bosti, yaani presha ya hewa inayosukumwa kwenye injini, kila siku huku joto lake halijaguswa na mtu, na jambo hilo linaniuma.

Tuanze na mahali tulipo. Ziwa letu liko mita 1,135 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nje ya mlango huu ina presha ya karibu PSI 12.8 (paundi kwa kila inchi ya mraba), Dar es Salaam ni 14.7. Ukipandisha gari kutoka Pwani hadi hapa, kila silinda inavuta hewa pungufu kwa asilimia 13 hivi. Mwenye gari la kawaida anakubali yaishe. Mwenye tabo anasema, yangu itafidia. Kweli itafidia, ila kufidia huko kuna malipo yake.

Chukua gari ambalo kompyuta yake inataka presha kamili, yaani bosti pamoja na presha ya hewa ya nje, ya PSI 24.7 kwenye menifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Dar es Salaam tabo inaanzia 14.7, hapa inaanzia 12.8 na inatakiwa ifike palepale, kwa hiyo inazunguka kwa kasi zaidi na inaikamua hewa zaidi. Hewa ikibanwa inapata joto, hakuna namna ya kulikwepa hilo. Kwa hewa ya nyuzi 30 na tabo yenye ufanisi wa asilimia 70, Dar es Salaam joto linapanda kwa nyuzi 69 hivi, na hapa linapanda kwa karibu nyuzi 90. Gari ni lilelile na mguu wa dereva ni uleule, lakini hewa inayotoka kwenye tabo imezidi kwa nyuzi ishirini. Sisi wa Mwanza tunajidanganya kwa sababu jioni zetu zina upepo mzuri wa ziwa. Joto ninalolisema linatengenezwa chini ya boneti, na upepo huo hauwezi kulifikia tusipoupa njia.

Supachaja, hasa ya aina ya Roots, ina shida hiyo zaidi. Ndugu wawili Wamarekani, Philander na Francis Roots wa Connersville, Indiana, walipata hataza ya mashine yao mwaka 1860, na kazi yake ilikuwa kupuliza hewa kwenye matanuri, zamani kabla ya gari. Mashine hiyo haibani hewa ndani yake. Inaibeba kati ya rota na ukuta, inaimwaga upande wa pili, na kule hewa yenye presha inaigeukia kwa kishindo. Kishindo hicho kinageuka joto. Zile za skurubu mbili, kazi ya Msweden Alf Lysholm ya miaka ya 1930, zinaibana hewa ndani kwa ndani na zinatoa hewa yenye nafuu kidogo. Ila Mercedes-Benz C180 na C200 Kompressor mnazoziona mitaani hapa zina mashine ya ukoo wa Roots, basi tufanye hesabu kwa hiyo.

Andikeni. Hewa ya nje nyuzi 28, hapa Mwanza. Supachaja inatoa bosti ya PSI 7, ufanisi asilimia 60, na tuseme hakuna intakula, yaani kipoozeo cha hewa iliyobanwa, kama kwenye vifaa vingi vya kufungwa baadaye. Hewa inatoka na nyuzi 95 hivi. Sasa kijana analeta puli ndogo, gurudumu la mkanda linaloizungusha supachaja kwa kasi zaidi, bosti inapanda hadi PSI 10. Ufanisi unashuka, tuseme asilimia 55, na hewa inatoka na nyuzi 126. Presha kamili imeongezeka kwa asilimia 15. Je, hewa yenyewe, ule uzito unaoingia silinda na kuchoma petroli, imeongezeka kiasi gani? Asilimia 6. Zile nyingine zimeliwa na joto. Na katika hizo sita bado hujatoa nguvu ambayo mkanda umezidi kuikamua kwenye kranki ili kuzungusha mashine hiyo.

Sasa rudisha puli yake, iache PSI 7 ileile, funga intakula nzuri ishushe hewa kutoka nyuzi 95 hadi 50. Uzito wa hewa unaongezeka kwa asilimia 14 hivi, na injini haijaongezewa presha hata moja. Hesabu hii ndiyo iliyonileta hapa. Mtu akiondoka amesahau mengine yote, abaki nayo.

Tena faida ya hewa baridi haiishii kwenye uzito wake. Mchanganyiko ukiwa wa moto unajiwakia kabla ya zamu yake, injini inagonga. Kompyuta ikisikia kugonga huko kwa sensa yake inachelewesha cheche ya plagi, na nguvu inashuka bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi. Dereva anasema gari limechoka. Na kama aliyeitengeneza ramani ya kompyuta, yaani maagizo yake ya mafuta na cheche, ameinyima nafasi hiyo ya kujiokoa, kinachofuata ni pistoni kupasuka kwenye mifereji ya ringi. Wapo humu ndani waliowahi kuzishika pistoni za namna hiyo.

Kabla ya kununua chochote, pima. Hapa nawaomba msikilize vizuri, maana kosa hili limeenea. Mtu anachomeka kile kifaa cha kusoma kompyuta, anafungua simu, anasoma joto la hewa nyuzi 38, anafurahi. Kwenye Subaru nyingi za injini ya EJ20 za miaka ya 2000, sensa hiyo imo ndani ya sensa ya kupima hewa, jirani na eya klina, kabla ya tabo. Inakupa joto la hewa ambayo bado haijabanwa. Ukitaka ukweli, toboa bomba la alumini baada ya intakula, mwachie mtu wa weldi aweke nati, funga sensa yako na kisomeo chake. Kazi ya mchana mmoja. Baada ya hapo hutabishana na mtu kwa maneno matupu.

Sasa njooni karibu, walio mbele mpitishe kwa wenzenu. Hii hapa mezani ni intakula ya Subaru Forester ya tabo, ile inayolala juu ya injini chini ya tundu la boneti. Itazameni kwa tochi kutoka upande huu. Mnaona weusi ule kati ya mapezi, vile vibati vyembamba vya kutolea joto? Ni wadudu wa ziwani, wale wanaoibuka kwa mawingu na kujaa kwenye taa za barabarani. Ukiendesha usiku ukapita katikati yao, wanaganda kwenye mapezi pamoja na mafuta kidogo na vumbi, wanakauka, wanakuwa ukuta. Intakula hii upande wa kushoto ni kama theluthi moja haipitishi upepo kabisa. Mwenyewe alikuwa anatafuta tabo kubwa.

Tazameni tena hapa pembeni, alama hii ya gundi. Palikuwa na sponji nene inayoziba nafasi kati ya tundu la boneti na intakula. Imeoza, ikang'olewa, haikurudishwa. Bila sponji hiyo, upepo unaoingia kwenye tundu unatafuta njia rahisi: unapita pembeni ya intakula na kushuka kwenye injini. Gari linapiga kilomita 100 kwa saa na mapezi hayapati hata nusu ya upepo wake. Kipande cha sponji ya kuvumilia joto na gundi nzuri ni pesa ndogo sana ukilinganisha na bei ya puli, na mimi gari lisilo na sponji hiyo siligusi bosti yake mpaka iwekwe.

Kuosha mapezi kuna adabu yake. Maji ya presha ya kule mnakooshea magari yanayalaza mapezi, na pezi likilala limeziba kuliko mdudu. Lowesha kwa maji ya sabuni, subiri, kisha maji ya mpira wa kawaida kutokea upande wa ndani kwenda nje, brashi laini.

Intakula ya juu ya injini ina tabia nyingine: inashiba joto. Ukikaa foleni ya Buzuruga saa kumi na moja jioni, hakuna upepo, joto la injini linapanda moja kwa moja kwenye alumini, na unapopata nafasi ukakanyaga, intakula inaipasha hewa badala ya kuipoza. Ukishapata barabara wazi, nguvu inaanza kurudi. Kwenye daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, kilomita 3 za upepo wa ziwa, kwa mwendo uleule unaoruhusiwa, utaiona sensa yako ikishuka yenyewe. Ndiyo maana gari la foleni nyingi linafaidi zaidi intakula ya mbele, nyuma ya bampa, hata kama mabomba yake ni marefu na tabo inachelewa kidogo kuitika.

Mtajiuliza kazi yenyewe ni kubwa kiasi gani. Gari la nguvu farasi 300 likikanyagwa mpaka mwisho linameza gramu 220 hivi za hewa kila sekunde. Kuipunguzia hewa hiyo nyuzi 60 lazima uondoe kilowati 13. Ni joto la mabirika sita ya umeme yanayochemka kwa pamoja, na lote litoke kwa upepo tu. Kwa hiyo yale maboksi mapya ya intakula ya bei rahisi yanayong'aa, msiyapime kwa macho. Mengine yana mapezi machache ndani, mengine yanabana njia na kupoteza presha ambayo tabo imeshaitolea jasho.

Filta ya koni iliyo wazi ndani ya boneti naipinga waziwazi. Inavuta hewa ya nyuzi 60 iliyokwisha kupita kwenye rejeta, na ile nyongeza ya nyuzi 30 supachaja inaizidisha hadi nyuzi 37 upande wa pili. Rudisha boksi lake na mdomo wake wa kuvutia hewa ya nje. Vilevile mabati ya kuzuia joto juu ya egzosti na tabo: yakilia msiyatupe, tafuteni boliti.

Kuna magari yanayopoza hewa kwa maji, kama Range Rover Sport za supachaja. Intakula iko ndani juu ya injini, maji yana mzunguko wake peke yake, rejeta yake ndogo mbele na pampu yake ndogo ya umeme. Mfumo huu ni mzuri sana mjini, maana maji yanameza joto la mkanyago mfupi bila kuhangaika. Lakini pampu ile inakufa kimya. Gari halichemshi, geji ya injini iko sawa, kinachopungua ni nguvu tu, polepole. Fungua tangi lake injini ikiwa baridi, uangalie kama maji yanazunguka pampu ikiwashwa. Shika mpira unaoingia na unaotoka kwenye rejeta ndogo baada ya safari. Yote miwili ikiwa sawa kwa joto, ama hewa imenasa ndani ama pampu imekwisha. Na tafadhali, maji ya ziwani yabaki ziwani: yana tope na vijani, na alumini italiwa. Weka maji safi yaliyochujwa na kulanti, ile dawa ya rejeta. Sisi hatuna barafu barabarani, kwa hiyo theluthi moja ya kulanti inatosha kulinda alumini, na maji yanabeba joto vizuri kuliko kulanti nzito.

Kuna kijana ameniandikia hapa swali kuhusu barafu. Wenzetu wa mashindano ya mbio fupi wanaijaza kwenye tangi la maji ya intakula, na kwetu barafu ya kuhifadhia sangara si ngeni. Inafanya kazi. Kilo 10 zikiyeyuka zinameza kilojuli 3,340, yaani kwa ile kazi ya kilowati 13, dakika nne na kidogo. Kwa mbio za sekunde chache ni nyingi mno. Kwa safari ya Shinyanga utafika hapo Usagara jirani umebeba maji tu. Dodge Challenger SRT Demon ya mwaka 2018 ilikwenda mbali zaidi, ikatumia gesi ya kiyoyozi kupoza maji hayo.

Kunyunyizia maji au maji na methanoli ndani ya hewa ni dawa ya zamani na ya kweli. Oldsmobile Jetfire ya 1962 ilitoka kiwandani nayo, BMW M4 GTS ya 2016 ikanyunyizia maji matupu. Sharti lake ni moja: tangi likiisha, kompyuta ijue na ishushe bosti yenyewe. Bila ulinzi huo siwashauri, na methanoli ni sumu inayowaka kwa mwali usioonekana mchana, isiwekwe kwenye chupa za soda gereji.

Hapo nje pana Forester mbili, moja ina sponji na mapezi safi, nyingine iko kama ilivyokuja. Zote zimefungwa sensa baada ya intakula. Tutaziacha zikiunguruma zimesimama dakika kumi, kisha mtu mmoja mmoja aingie asome namba mbili: ile ya simu na ile ya sensa yetu. Walio na magari ya Kompressor waje na yao upande wa geti, tuangalie mikanda na mipira ya hewa kwanza.