Tulibishana rangi ya Cleopatra, lugha yake tukaisahau

Asalaam aleikum, hamjamboni nyote. Wazee wangu mlioko viti vya mbele shikamooni, na nyie mliosimama mlangoni ingieni tu, kuna mkeka huku pembeni.

Nimeombwa niongee kuhusu ile filamu ya Netflix ya Cleopatra, yule malkia wa Misri ya kale, ile ilotoka Mei 2023, sehemu 4, nusu wataalamu wanaongea nusu waigizaji wanaigiza, na msimulizi wake ni Jada Pinkett Smith ambae pia ni mtayarishaji. Lakini hasa nimeombwa niongee kuhusu maoni ya watazamaji, maana najua wengi hapa maoni mliyasoma kabla ya filamu yenyewe, na wengine filamu hamjaiona mpaka leo lakini msimamo mnao. Hata mimi nilianza na maoni. Nilikaa siku mbili nzima nasoma watu wanavyorushiana maneno, kichwa kikaniuma, ndo nikaja kuitazama.

Ilivyoanza ni hivi. Trela ilitoka Aprili, na ndani yake kuna profesa mmoja wa Marekani, mama mtu mzima anaitwa Shelley Haley, anasema nyanyake alimwambia sijali shuleni wanakufundisha nini, Cleopatra alikuwa mweusi. Na kwenye skrini anaonekana Adele James, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili mchanganyiko, amevaa taji. Basi. Misri ikawaka. Kuna wakili alipeleka malalamiko kwa mwendesha mashtaka mkuu akitaka Netflix ifungwe nchini kabisa, Zahi Hawass ambae alikuwa waziri wa mambo ya kale akasema mwanamke yule alikuwa Mgiriki, si mweusi, na wizara yenyewe ikatoa tamko kwamba sanamu na sarafu zinaonyesha mwanamke mweupe mwenye sura ya Kigiriki. Watu makumi ya maelfu wakasaini ombi mtandaoni kuipinga filamu ambayo bado haijatoka. Na yule dada Adele James akatukanwa matusi ya ubaguzi mpaka akayaweka hadharani watu wayaone, akasema kama hupendi waigizaji waliochaguliwa usitazame.

Mi nataka nianze hapo kwenye sarafu, maana nimeziangalia picha zake muda mrefu. Sarafu ya shaba haikwambii rangi ya ngozi ya mtu. Inakwambia pua, na pua ya Cleopatra kwenye sarafu zake ni kubwa, imepinda, kidevu kimetokeza mbele, macho makubwa, nywele zimesukwa zikafungwa kwa nyuma. Sura ya mtu anaetoa amri. Ukiwaangalia waigizaji wote waliowahi kuwekwa kuwa Cleopatra, tangu Elizabeth Taylor mwaka 1963, hakuna hata mmoja anaefanana na sarafu ile, na hilo watazamaji hawakulisema sana, kelele yote ilikuwa rangi. Ile filamu ya 1963 nayo Misri iliizuia mwanzoni, kwa sababu Taylor alikuwa anaiunga mkono Israel, kwa hiyo kila kizazi kimekuwa na ugomvi wake na huyu mama.

Sasa mi nawaelewa Wamisri, nasema kwa moyo wangu wote. Kichwa cha sanamu ya malkia wao wa kale Nefertiti kiko Berlin, jiwe la Rosetta, lile la maandishi ya kale, liko London tangu 1802, nchi yao inasimuliwa na kila mtu isipokuwa wao, alafu leo kampuni ya Marekani inakuja kumaliza ubishi wa Wamarekani ndani ya nyumba ya Mmisri. Mtu yeyote angekasirika. Lakini hasira ile ilipita mpaka, kwa sababu nilisoma maoni ya watu wanaandika Misri si Afrika, watu weusi hawana chao pale, nikawaza Wanubi wa Aswan wakisoma hayo wanajisikiaje, Wamisri wenye vitambulisho vya Misri, weusi kama mimi na wewe, waliohamishwa makwao kwa maelfu miaka ya 60 maji ya bwawa kubwa yalipopanda.

Na wale watazamaji weusi wa Marekani nawaelewa pia. Nyanyake profesa yule hakuwa anafundisha historia, alikuwa anamlinda mjukuu. Kitabu cha shule kikikwambia watu wako hawakuwahi kuwa na malkia, nyanya anamchukua malkia anaejulikana kuliko wote anakupa. Mi siwezi kumcheka mama yule hata kidogo. Ila ukweli nao una haki yake: Cleopatra huyu, wa saba kwa jina hilo, alizaliwa mwaka 69 kabla ya Kristo kwenye ukoo wa Ptolemy, jemadari wa Alexander Mkuu kutoka Makedonia, na ukoo ule ulikuwa unaoana ndani kwa ndani, kaka na dada. Mama yake hakuna anaemjua kwa uhakika, na mama wa baba yake pia, hapo pana pengo, na kila mtu anaingiza anachotaka kwenye pengo lile. Kuna wakati walisema mifupa iliyokutwa Efeso, Uturuki ya leo, ni ya mdogo wake, Arsinoe, na ati ina asili ya Kiafrika, ikatengenezewa mpaka kipindi cha televisheni. Januari 2025 wataalamu wa Vienna wakatoa majibu: ile fuvu ni ya mtoto wa kiume wa miaka 11 mpaka 14. Mtoto wa kiume! Hoja ya miaka mingi ikaanguka siku moja.

Na kama shida ni malkia mweusi wa zama zilezile, jamani, kaskazini mwa Sudan ya leo, ufalme wa Kush, alikuwepo Amanirenas, ana chongo, ambae jeshi lake lilipigana na Warumi miaka michache tu baada ya Cleopatra kufa. Kichwa cha sanamu ya shaba ya Kaisari Augusto, alieiteka Misri, kilikutwa mwaka 1910 kimezikwa Meroe, mji wa Kush, chini ya ngazi za hekalu, ili kila anaeingia akikanyage. Amanirenas huyo hakuna mtu wa kubishana juu yake.

Lakini si hilo lililonileta hapa.

Nilivyoitazama filamu yenyewe nilikuwa nyumbani kwa mamangu, Mji wa Kale, usiku, yeye kakaa na uteo anachagua mchele wa kesho. Mamangu Kiingereza hakimpandi. Kwa hiyo kila Cleopatra akiongea ananiuliza, kasema nini huyo? Namwambia. Akija Julius Caesar, na huyu je, kasema nini? Namwambia. Sehemu ya kwanza yote nimekuwa mkalimani, filamu ya dakika arubaini na ushee tuliitazama saa moja na nusu maana ilibidi nisimamishe simamishe. Alafu akanyanyua kichwa kutoka kwenye mchele akaniuliza, kwani hawa walikuwa wanaongea lugha gani haswa? Mi nikamjibu haraka, Kigiriki, mama. Akasema, na wale watu wao, wakulima wale, wavuvi, na wao Kigiriki?

Wallahi nilinyamaza. Siku mbili nimesoma maoni mamia kwa mamia, sikumbuki hata moja lililouliza hivyo.

Kwa sababu jibu lipo. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki alieandika miaka mia na ushee baada yake, anasema uzuri wa Cleopatra haukuwa wa kushangaza watu, kilichokuwa kinamshika mtu ni mazungumzo yake na sauti yake, ulimi wake ulikuwa kama ala ya nyuzi nyingi. Anasema mara chache sana alihitaji mkalimani, alikuwa anajibizana mwenyewe na Wahabeshi, Waebrania, Waarabu, watu wa Siria, na Wamedi na Waparthi wa upande wa Uajemi. Na anasema wafalme waliomtangulia hata Kimisri hawakujishughulisha kujifunza. Ukoo ule ulitawala tangu mwaka 305 mpaka mwaka 30 kabla ya Kristo. Miaka 275 mnakula ngano ya watu, mnatoza ushuru watu, lugha yao hamuijui! Mpaka aje binti mmoja.

Hapa ndo sisi watu wa pwani tungekuwa na la kusema, na hatukusema. Machi 2023, yaani mwezi mmoja na kidogo kabla ya filamu hii, ulitoka utafiti mkubwa wa DNA ya watu 80 wa kale, makaburi ya Mtwapa, Manda, Faza, Songo Mnara, Kilwa. Mnakumbuka kelele zake humuhumu. Wale wa ati sisi ni Washirazi walisema tuliwaambia, wale wa sisi ni Waafrika wakasema tuliwaambia. Na utafiti ulisema yote mawili: kuanzia kama mwaka 1000 hivi damu ilichanganyika, wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao inatoka kwa akina mama wa Kiafrika, na upande wa baba Waajemi wengi. Sisi tukashika asilimia, nani kapata ngapi, kama watu wanaogawa nyama.

Lakini tazameni lililotokea. Wale wanaume walikuja na lugha yao, na watoto wao wakaongea nini? Wakaongea ya mama. Lugha ya Kibantu, ikapokea maneno ya wageni bila kubadili uti wa mgongo, ndo hii tunayoongea jioni hii. Kwetu lugha ya mama ilishinda. Kule Alexandria, mji wa akina Cleopatra, jumba la mfalme lilijifungia na Kigiriki chake karibu miaka mia tatu. Ningemuona Mwingereza au Mmarekani ana sababu ya kutoliona hilo, lakini mtu wa Lamu? Mtu wa Kilwa? Sisi tumeulizwa wewe Mwarabu au Mwafrika mpaka tumechoka, tunajua swali lile linavyochoma, alafu tukamgeukia marehemu wa miaka elfu mbili na swali lilelile.

Sisemi tumfanye mtakatifu. Mdogo wake Arsinoe aliuawa kwa matakwa yake, serikali yake iliendelea kuandika kwa Kigiriki. Iko karatasi ya mafunjo Berlin, ya mwaka 33 kabla ya Kristo, imekutwa imetumika kama takataka kutengenezea ganda la maiti, inampa mkubwa mmoja wa Kirumi ruhusa ya kusafirisha ngano na kuingiza divai bila ushuru, na chini mkono mwingine umeandika neno moja la Kigiriki, ginesthoi, na iwe. Wako wataalamu wanaoamini ni mkono wake mwenyewe. Msamaha wa kodi kwa mkubwa, mnajua wenyewe nani anaubeba mzigo ule.

Filamu yenyewe kama filamu? Adele James anaigiza vizuri, maneno aliyoandikiwa ni mepesi mno, na sehemu ya mwisho inakimbia.

Usiku ule tulimaliza sehemu zote nne. Cleopatra kafa, mimi nataka kuzima, mamangu akasema ngoja, watoto wake je? Nikamwambia wa Caesar aliuawa. Mapacha aliozaa na Antony, jemadari wa Kirumi, na mdogo wao walipelekwa Roma, na mapacha wakatembezwa barabarani kama mateka. Wavulana habari zao zikapotea, yule binti, Cleopatra Selene, akaja kuozwa kwa Juba, mfalme wa Mauretania, huko Algeria na Moroko ya leo. Nikamtafutia kwenye simu sarafu yao nikamuonyesha. Upande wa mume kumeandikwa Kilatini, lugha ya walioshinda. Upande wa binti kumeandikwa Kigiriki, malkia Cleopatra, na kwenye baadhi ya sarafu zile amechorwa mamba, mamba wa Nile.

Mamangu akaishika simu akaisogeza karibu na macho, akaniambia nisomee hayo maandishi yanavyotamkwa.