Jinsi ya kutengeneza jani la Glossopteris la plasta (usirudie kosa langu)

Haya mambo zenu, karibuni tena barazani kwangu hapa Songea, samahani kwa kelele, jirani anachomelea geti. Leo tunatengeneza jani la mti ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona ukiwa hai, unaitwa Glossopteris, ulitoweka kama miaka milioni 252 iliyopita, tunaujua kwa sababu ya mawe tu. Mimi nauza hizi paketi za shule, plasta na udongo vyote vimo ndani, kwa hiyo najua mnachokosea maana nimekosea vyote mimi mwenyewe.

Mahitaji: udongo wa mfinyanzi, plasta ya Paris, sindano kubwa ya kushonea magunia, kopo la siagi lililokatwa matako, mafuta ya kula kidogo, na jani la mwembe. Ndio, mwembe. Jina lenyewe Glossopteris ni Kigiriki, linahusu ulimi, na jani la mwembe lina umbo hilohilo la ulimi na uti wa katikati, ukienda kutafuta jani lingine utachelewa bure.

Kanda udongo, lainisha, tandaza unene wa kidole. Hii sihitaji kuwaonyesha, mmeshapika chapati. Paka jani mafuta, laza upande wa chini uangalie udongo maana ndiko mishipa imetuna, pitisha chupa juu taratibu, bandua. Si mnaona, umbo limetoka safi.

Sasa hapa. Hapa naomba uache chai yako uangalie. Mishipa ya mwembe inayoonekana wazi inatoka kwenye uti inaenda pembeni kila mmoja kivyake, lakini ya Glossopteris inaungana, inatengeneza wavu, kama nyavu za dagaa kule ziwani. Kwa hiyo unachukua sindano unachora mwenyewe: mstari unatoka kwenye uti, unapinda kidogo kwenda pembeni, unakutana na mwenzake, wanaachana, wanakutana tena. Matundu ya karibu na uti yawe mapana, yakienda pembeni yanabana. Mara ya kwanza mimi nilichora mistari imenyooka kama kitana, nikapaka rangi, nikauza kabisa, mteja mmoja anayesoma jiolojia akanirudishia, "dada hili ni jani la mwembe." Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa hiyo IUNGANE. Na uti usiufute wakati unachora, ukiufuta umehamia kwenye mmea mwingine, Gangamopteris, nao ni wa zamani hivyohivyo ila hauna uti wa kueleweka. Narudia, mistari iungane, uti ubaki.

Ngoja... eeh jamani kuku! Toka! Kakanyaga pembeni, mmeona? Sawa, sifuti. Nyayo za kwenye matope nazo huwa zinageuka jiwe, sema kuku wakati ule hakuwepo, hata ndege wenyewe bado, kwa hiyo hii sitaiuza, nitamwekea mwanangu.

Wakati nachora nisimulie kidogo. Mwaka 1912 kundi la mpelelezi Mwingereza, Robert Scott, lilikuwa linarudi kutoka Ncha ya Kusini, wana njaa, wamechoka, wakaokota mawe karibu na mto wa barafu wa Beardmore, Antaktika, wakayavuta kwenye sleji, kilo 16 hivi, hawakuyatupa mpaka watatu wa mwisho wakafa hemani. Walipokuja kupatikana mawe yapo, na ndani yake Glossopteris! Kule kwenye barafu tupu! Majani hayahaya yanapatikana India, Australia, Amerika Kusini, Afrika Kusini, na hapa kwetu kwenye miamba ya Ruhuhu yenye makaa ya mawe. Mbegu zake hazikuwa za kuvuka bahari kirahisi, ndio maana wanasayansi wakasema hizi nchi ziliwahi kuwa bara moja, Gondwana. Kwa hiyo ukisikia makaa ya mawe ya Ngaka, hukohuko Ruhuhu, ujue sehemu yake ni majani kama haya yaliyodondoka kwenye vinamasi. Ila ukikuta la kweli kwenye jiwe usilibebe, hiyo ni mali ya kale, inataka kibali. Piga picha.

Tuendelee. Zungushia kopo, kandamiza lishike kwenye udongo. Plasta: vikombe viwili, maji kikombe kimoja, na unamwagia plasta kwenye maji, sio maji kwenye plasta, utapata mabonge. Koroga kwa kijiko, usitumie mkono, ikianza kuganda inapata moto na inaweza kukuunguza kweli. Mwaga taratibu kuanzia pembeni, gongagonga meza vipovu vitoke.

Subiri saa nzima. Najua paketi imeandika nusu saa, mimi nasema saa nzima, maana kosa langu la pili ndio hilo, nilibandua mapema uti ukabaki kwenye udongo. Plasta iliyobaki usimwage kwenye sinki, itaziba bomba, iache igande utupe.

[Simu imezima, nimerudi, ni jioni.]

Haya tunabandua. Udongo ndio unaovutwa, plasta unaiacha imelala. Taratibu... taratibu... oooh! Angalieni wavu huo! Umetuna wote. Kona moja imemeguka, hapo, kipovu hicho, sikugonga vizuri. Sio mbaya, hata mawe ya kweli mara nyingi unakuta nusu jani.

Rangi mimi natumia masizi ya sufuria na gundi nyeupe, napaka kwenye jani tu, plasta ya pembeni, ambayo ndiyo jiwe letu, naiacha ilivyo. Wengine wanapaka kijani. Kijani cha nini, kimekaa miaka milioni 250 chini ya ardhi?

Na unyayo wa kuku umetoka pia, vidole vitatu mbele, safi kuliko jani lenyewe.